Shimo Halina Mwenyewe?

Ndugu msomaji, nianze na kisa kimoja kidogo, maana bila hicho makala haya yasingeandikwa.

Masika iliyopita nilipanda pikipiki ya kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, ambaye ni dereva wa bodaboda. Ilikuwa yapata saa moja jioni, mvua imekatika punde tu, na lami ya mtaani kwetu imejaa madimbwi. Kaka alikuwa anakwenda mwendo wa kawaida, wala sisemi hivi kwa kumtetea. Mbele yetu kulikuwa na dimbwi kama madimbwi mengine. Kumbe lile halikuwa dimbwi, lilikuwa shimo. Gurudumu la mbele likazama. Mimi nikarushwa mtaroni nikachubuka viwiko, yeye akaangukia bega, mfupa wa mtulinga ukavunjika. Rimu ilipinda, shokapu za mbele zikaanza kuvuja. Na pikipiki yenyewe haikuwa yake, ilikuwa ya bosi anayesubiri hesabu yake kila jioni, bega limevunjika au halikuvunjika.

Watu wa kijiweni walisema pole, wakasema bahati mbaya, wakasema mshukuruni Mungu hamkufa. Yote kweli. Lakini mimi niliuliza swali moja tu: hivi nani analipa? Wakacheka sana. Mzee mmoja muuza kahawa akanijibu, "Mwanangu, shimo halina mwenyewe."

Baada ya siku kama nane hivi likaja tipa, likamwaga kifusi, shimo likafukiwa. Kaka bado mkono ulikuwa umefungwa shingoni.

Jibu la mzee yule lilinikaa kichwani. Mimi niliishia kidato cha nne, lakini ninaye rafiki aliyebahatika kwenda chuo kusomea sheria, nikaanza kumwazima vitabu. Nilitaka kujua kama ni kweli kwamba duniani kote shimo halina mwenyewe. Nilichokikuta humo ni historia ndefu, tena inaanzia mbali: kwenye daraja bovu huko Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, mwaka 1788. Naomba tufuatane taratibu. Mwishoni utaona kwamba Devon si mbali na kwetu kama tunavyodhani.

GARI LA FARASI

Bwana mmoja, jina lake Russell, alikuwa na gari la mizigo la kukokotwa na farasi. Gari likaharibika kwa sababu daraja la kaunti ya Devon lilikuwa bovu. Kisheria, kazi ya kulitengeneza daraja lile ilikuwa ya wakazi wa Devon. Basi Russell akafanya lile ambalo hata wewe ungelifanya, akawashtaki wakazi wa Devon, wote kwa pamoja. Mpaka leo wanasheria wanaiita kesi hiyo Russell dhidi ya Watu wa Devon.

Akashindwa. Majaji, akiwamo Lord Kenyon na mwenzake Ashhurst, hawakusema kwamba daraja lilikuwa zima. Walisema mambo mengine. Kwanza, watu wa Devon si chama wala kampuni, hawana mfuko mmoja wa kutolea fidia. Pili, huyu akilipwa, kesho watajipanga wengine kesi mia, na kesi hazitakwisha. Tatu, na hapa ndipo niliposimama nikasoma mara mbili, Ashhurst alisema kwa maana yake kwamba ni afadhali mtu mmoja aumie kuliko umma mzima usumbuke.

Tusiwaonee majaji hao bila kuijua hali ya wakati wao. Barabara za Uingereza zilikuwa zinatengenezwa na wanavijiji wenyewe. Sheria ya mwaka 1555, enzi za Malkia Mary wa Kwanza, iliilazimisha kila parokia kutunza njia zake, na wanaparokia wafanye kazi siku nne kwa mwaka bila malipo. Miaka michache baadaye, chini ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, siku zikaongezwa kuwa sita. Msimamizi alikuwa mmoja wao, naye hakulipwa. Ilikuwa ni msaragambo wa lazima. Parokia ikizembea iliweza kushtakiwa na kupigwa faini, lakini mtu aliyevunjika mguu hakupata hata senti.

Kwa hiyo mwaka 1788 hoja ya mfuko ilikuwa na ukweli ndani yake. Nakuomba uishike hiyo hoja ya mfuko, ndugu msomaji, kwa sababu tutakutana nayo tena.

ALIYELALA NA ALIYEFANYA KAZI

Mambo yakabadilika. Mwaka 1835 kazi ile ya lazima ikafutwa, barabara zikaanza kutengenezwa kwa fedha za kodi. Mwaka 1888 sheria ikaunda halmashauri za kaunti, zenye ofisi, wahandisi na hazina. Mfuko sasa ulikuwapo. Ungetegemea sheria ya Devon ife pamoja na sababu yake. Wapi! Mwaka 1892, katika kesi iliyohusu bodi ya mji wa Newmarket, Baraza la Malodi, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa, likashikilia kwamba kinga ile bado ipo hata kwa bodi hizi mpya.

Hapo ndipo ulipokomaa mgawanyo mmoja wa ajabu kidogo. Wanasheria walitenganisha kutenda vibaya na kutotenda kabisa. Halmashauri ikituma watu wachimbe, wakaacha handaki bila taa usiku, nawe ukatumbukia, unaweza kudai fidia, maana wametenda vibaya. Lakini halmashauri hiyo hiyo ikikaa kimya miaka kumi, lami ikaliwa na mvua mpaka likawa handaki lile lile, nawe ukatumbukia, hudai kitu, maana hawakutenda lolote. Yaani aliyeshika sepetu akakosea alikuwa hatarini kuliko aliyelala usingizi. Nilipomsimulia kaka akacheka mpaka bega likamuuma. "Dogo, kumbe hata Wazungu walikuwa hivyo?"

Walikuwa hivyo, tena kwa miaka 173.

MAGURUDUMU MAWILI

Katikati ya miaka hiyo kikazaliwa chombo chetu. Mwaka 1885, huko Ujerumani, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walifunga injini ya petroli kwenye kitu mfano wa baiskeli, mwili wake wa mti na magurudumu yake ya mti. Hiyo wengi huihesabu kuwa pikipiki ya kwanza ya petroli. Na mwaka 1886, kule Uingereza, waendesha baiskeli waliunda chama cha kudai barabara bora, kabla magari hayajajaa barabarani. Siyo ajabu kuwa madai yalianza na watu wa magurudumu mawili.

Gari likiingia shimoni gurudumu moja, yanabaki matatu ya kulishikilia. Dereva atatukana, atapeleka gari kwa fundi, basi. Pikipiki ikiingia shimoni gurudumu la mbele, usukani wenyewe ndio umeingia. Na shimo lenyewe ni janja. Linaanza kuwa ufa mwembamba tu. Maji yanapenya yanalainisha udongo na kokoto za chini, magari yanapita yanakandamiza, lami inabaki imetandikwa juu ya utupu, mwisho inazama. Ulaya barafu nayo husaidia kuupanua ufa. Kisha mvua ile ile iliyolichimba shimo inalijaza maji na kulificha. Ndiyo maana nakataa mtu anaposema "si angelikwepa tu". Akwepe nini asichokiona?

1961

Mwaka 1961 Bunge la Uingereza likatunga sheria ya kuifuta kinga ya kutotenda. Halmashauri zikapewa miaka mitatu ya kujitayarisha, na tarehe 4 Agosti 1964 sheria ikaanza kazi. Tangu siku hiyo, aliyeumia kwa barabara mbovu ya umma aliweza kuishtaki mamlaka ya barabara hata kama kosa lake lilikuwa ni kulala tu. Leo mambo hayo yamo katika Sheria ya Barabara ya mwaka 1980. Kifungu cha 41 kinasema mamlaka lazima itunze barabara. Kifungu cha 58 kinaipa mamlaka ngao: ikithibitisha kwamba ilichukua tahadhari zote ambazo kwa hali ile zilihitajika, haitalipa.

Usidhani basi kwamba kila aliyeanguka alitajirika. Mdai lazima aonyeshe kwamba mahali pale palikuwa na hatari kwa watumiaji wa kawaida, kwamba hatari hiyo ilitokana na kutotunzwa, na kwamba ndiyo iliyomuumiza. Hapo mahakama zimepima hata nusu inchi. Katika kesi moja dhidi ya Liverpool, mwaka 1966, mtu alijikwaa kwenye bamba la njia ya miguu lililoinuka kiasi cha nusu inchi, akashinda, kwa sababu jiji halikuweza kuthibitisha kwamba lilifanya lililopaswa. Miaka miwili baadaye, jiji hilo hilo, mtu mwingine alianguka penye tofauti ya robo tatu inchi, kubwa kuliko ya kwanza, akashindwa, maana mahakama iliona mabamba kutolingana kidogo ni jambo la kawaida, siyo hatari. Kwa hiyo si urefu wa rula peke yake unaoamua.

Na ngao ya kifungu cha 58 ni nzito. Kama mkaguzi alipita mwezi uliopita akaandika kwenye daftari lake "barabara nzima", na shimo likatokea wiki iliyofuata, mamlaka inaweza kuponyoka. Hapo ndipo madai mengi hukwama.

Lakini kuna kesi moja iliyonifurahisha. Mwendesha baiskeli alianguka kwa sababu ya shimo katika mji wa York. Halmashauri ilikuwa inakagua mtaa ule mara moja tu kwa mwaka, na ilipoulizwa mbona hivyo, ikaeleza kwamba haina uwezo wa kukagua zaidi. Mwaka 2011 Mahakama ya Rufaa ikakataa. Ukosefu wa fedha si sehemu ya ngao hiyo. Unaikumbuka hoja ya mfuko? Mwaka 1788 ilimnyima Russell haki yake. Iliposimama tena miaka 223 baadaye ikaambiwa ikae chini.

Na sisi wa pikipiki nasi tuna sehemu yetu ya lawama, tusijifiche. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1945 inaruhusu fidia ikatwe kadiri ya uzembe wa mdai mwenyewe. Mwaka 1971, katika kesi ya mwendesha pikipiki ndogo aliyegongwa na gari bila kuvaa kofia ngumu, mahakama ilimkata asilimia 15, na wakati huo kofia ilikuwa haijawa lazima nchini humo. Iliwekwa kuwa lazima mwaka 1973. Kaka alikuwa amevaa yake. Mimi abiria sikuvaa. Andika hiyo pia.

SHIMO LILILOANDIKWA

Sasa tuvuke bahari kidogo, twende New York, maana huko shimo lilifika hatua nyingine kabisa. Tangu mwaka 1980 jiji hilo lina sheria kwamba halitalipa fidia ya shimo kama halikupewa taarifa ya maandishi kabla, na siku 15 za kurekebisha zikapita. Nani sasa ana muda wa kuandika barua kwa kila shimo la New York? Serikali ya jiji ilidhani imejificha vizuri.

Mwaka 1982 mawakili wakaunda shirika lao, wakatuma watu watembee mitaani na kuchora ramani. Kila ufa, kila shimo, kila ukingo uliovunjika ukapewa alama yake. Ramani zikapelekwa jijini. Taarifa ndiyo hiyo, tena ya maandishi! Baada ya hapo mahakamani watu waligombania alama za ramani, kama alama fulani ilikuwa ya shimo au ya ufa, na kama ilikuwa upande huu wa mti au ule.

Mawakili wale hawakufanya kwa huruma peke yake, tusidanganyane, walikuwa na biashara yao. Lakini mimi ninayetaka kuandika riwaya nilipata funzo. Kulikuwa na mashimo ya aina mbili katika jiji moja, yana kina kile kile na yanavunja mifupa ile ile. Moja limeandikwa, jingine halikuandikwa. Lililoandikwa ndilo peke yake lenye mwenyewe.

SANDUKU LA MKOLONI

Utaniuliza, haya ya Devon na New York yanatuhusu nini? Yanatuhusu hivi. Waingereza walipokuja kututawala hawakuleta bendera tu, walileta na sanduku la sheria. Sheria zile zilizojengwa na hukumu za majaji wao, moja juu ya nyingine, zilipokelewa huku kwa tarehe maalumu, kadiri hali ya nchi na wenyeji ilivyoruhusu. Kenya tarehe ni 12 Agosti 1897. Uganda ni 11 Agosti 1902. Tanganyika ni 22 Julai 1920. Tarehe hizo wanafunzi wa sheria bado wanazikariri.

Tazama sasa. Sanduku lilipofungwa siku hizo, ndani yake kulikuwa na hukumu ya Devon. Sheria ya 1961 haikuwamo, ingekuwamo vipi? Na Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba mwaka huo huo wa 1961. Kinga ile aliyeileta aliivua kwake karibu siku zile zile alizokuwa anatuaga.

Sisemi kwamba majaji wetu leo ni watumwa wa 1788. Mabunge yetu yametunga sheria zao, na barabara zetu zina wenyewe kwa majina. Tanzania ina TANROADS tangu mwaka 2000 na TARURA tangu 2017. Kenya ilitunga sheria yake ya barabara mwaka 2007 na kuunda mamlaka za barabara kuu, za mijini na za vijijini. Kwa hiyo mzee wangu wa kahawa, kwa heshima zote, amekosea. Shimo lina mwenyewe. Linalokosekana mara nyingi ni kitu kingine, nacho nilikigundua kwa aibu.

Kaka alipopata nafuu tulikwenda ofisi moja inayohusika, siitaji. Karani hakuwa mkorofi. Alitusikiliza, kisha akauliza kwa upole kabisa: shimo lenyewe lilikuwa wapi hasa? Lina kina gani? Lina upana gani? Mlitoa taarifa polisi? Nani alishuhudia? Mna picha?

Picha tulikuwa nazo. Picha za kaka na bandeji, picha za pikipiki iliyopinda, hata picha yangu mimi na viwiko vyangu, nilizotuma kwa marafiki ili wanipe pole. Ya shimo hatukuwa nayo hata moja. Shimo lilikuwa limefukiwa, na ushahidi wetu ulifukiwa humo humo. Bima ya pikipiki nayo ilikuwa ya kulinda wengine tu, yeye dereva aliyejiangukia haikumgusa. Tukatoka tumenyamaza.

Mambo haya yana muda wake pia, na muda haumsubiri mtu apone. Uingereza aliyeumia ana miaka mitatu ya kufungua kesi. Kenya, madai ya namna hii dhidi ya serikali yana miezi 12. Tanzania, anayetaka kuishtaki serikali hutakiwa kwanza kuipa notisi ya maandishi ya siku 90. Popote utakapokwenda utadaiwa maandishi. Aliyeumia analala kitandani, na huko nje masika yanakwisha na kifusi kinamwagwa.

Wenzangu wa ukurasa huu, sisi tunapenda kuandika mapenzi, vita na vifo vikubwa vikubwa. Mimi pia ninayo riwaya ya namna hiyo chini ya godoro. Lakini tangu siku ile nina daftari jingine. Nimelipigia mistari: tarehe, mahali, kina, upana, alama ya karibu isiyohama, picha namba ngapi, nani ameambiwa. Katika mtaa wetu mpaka leo nimeandika mashimo kumi na moja. Barua ya kwanza nimeipeleka, nakala yangu imegongwa muhuri wa kupokelewa, nimeitunza pamoja na vyeti vyangu vya shule. Kaka hatalipwa, hilo tumeshalikubali. Barua ni ya atakayefuata.

Juzi tulikuwa barabarani, kaka ameshika ncha moja ya futi kamba tuliyoazima kwa fundi cherehani, mimi nimeshika nyingine, shimo liko kati yetu. Yule mzee wa kahawa akapita na birika lake.

"Mnapima nini tena nyie?"

Kaka akamjibu bila kuinua kichwa, "Shikamoo mzee. Tunamtafuta mwenyewe."

Mzee akasimama kidogo, akalitazama shimo. Kisha akatuonyesha kwa kidole: "Kuna jingine pale mbele, kona ya msikiti. Hilo liandikeni kwanza, jana kaanguka mama na mtoto."